Damu ya Uummannaq na Usipa wa Ziwa Nyasa

Mwaka 1970 madaktari wawili wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walifunga safari hadi Uummannaq, kaskazini-magharibi mwa Greenland, wakikokotwa na mbwa juu ya barafu. Walifuata damu. Waliichukua kwa Wainuit 130, watu ambao chakula chao kilikuwa sili, nyangumi na samaki, mafuta yakichuruzika.

Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1971. Lehemu katika damu ya Wainuit ilikuwa chini kuliko ya Wadenmark. Baadaye walikuta asidi za omega-3 kwa wingi, hasa ile iitwayo EPA, ambayo huzuia vichembe vya damu kushikamana ovyo na kuziba mishipa. Ndiyo maana Muinuit akijikata, damu yake ilichelewa kuganda.

Lakini mioyo yenyewe hawakuipima. Dai kwamba Wainuit hawaugui moyo walilitoa katika rekodi za serikali, na Greenland wengi walifariki mbali na daktari, hivyo rekodi hizo hazikuwa za kutegemewa. George Fodor na wenzake wa Kanada walilianika jambo hili mwaka 2014, wakati vidonge vya mafuta ya samaki vimeshajaa madukani dunia nzima. Naona ni kosa kubwa: biashara ilikimbia mbele ya ushahidi. Mwaka 2018 utafiti wa VITAL wa Marekani, uliohusisha watu 25,871, haukuona gramu moja ya omega-3 kwa siku ikipunguza kwa uhakika shambulio la moyo, kiharusi na vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa vikijumlishwa pamoja.

Nasi Watanzania tuna sura yetu katika historia hii, na wachache wanaikumbuka. Mwaka 1996 Lancet ilichapisha utafiti wa Lugalawa, wilayani Ludewa, ulioongozwa na Paolo Pauletto wa Italia. Wanakijiji wa milimani waliokula nafaka na mboga walilinganishwa na wenzao wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao walikula gramu 300 hadi 600 za samaki kwa siku. Wa ziwani walikuwa na omega-3 nyingi, lehemu kidogo na shinikizo la damu la chini. Hawakumeza kidonge, samaki waliwavua wenyewe, katika ziwa lile lile ambalo hadi leo dagaa waitwao usipa huanikwa vichanjani kandokando yake.

Watafiti wa vyuo vyetu, rudini Ludewa. Waliotoa damu wakiwa vijana sasa ni wazee. Safari hii ipimeni na mioyo yao.