Ramani ya watoto wa Chicago

Kabla sijastaafu uafisa ustawi wa jamii niliandikia mahakama ya watoto taarifa nyingi za uchunguzi: mtoto anaishi na nani, shule anaenda, mlezi anapata riziki wapi. Chimbuko kubwa la kazi hiyo ni Chicago.

Mahakama ya watoto ilianza kusikiliza kesi huko Julai 1899, baada ya Lucy Flower, Julia Lathrop na wenzao kuhangaika miaka mingi ili watoto wasifungwe pamoja na watu wazima. Sheria iliruhusu maafisa wa probesheni, lakini haikuwatengea mshahara hata senti. Akina mama wakachangishana. (Sisi tuliopanda bodaboda kwa pesa ya mfukoni kwenda kumwona mtoto hatushangai.)

Mwaka 1909 tajiri mmoja, Ethel Dummer, alimgharimia daktari William Healy achunguze kwa nini baadhi ya watoto hawaishi kurudi mahakamani. Nadharia ya Mwitalia Lombroso, kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu na umbo lake humuumbua, ilikuwa bado na wafuasi. Healy aliwapima watoto, akawahoji wazazi, kisha akamwacha mtoto asimulie mwenyewe. Kitabu chake cha 1915, kilichotokana na vijana 1,000 waliorudia makosa, kilikataa kabisa habari ya chanzo kimoja.

Hata hivyo mimi nawavulia kofia zaidi Clifford Shaw, aliyewahi kuwa afisa wa probesheni, na Henry McKay. Walifukua majalada ya mahakama kuanzia 1900, wavulana zaidi ya 8,000 kwa kila kipindi walichokichunguza, wakaziweka anwani zao kwenye ramani. Nukta zikasongamana mitaa ileile, jirani na viwanda na katikati ya jiji. Wajerumani na Waayalandi walihama, wakaja Wapolandi na Waitalia. Nukta zikabaki palepale. Na waliohamia mitaa yenye nafuu, watoto wao walipungua mahakamani. Wanaopenda kusema kabila fulani ndio wezi hawajalijibu hilo hadi leo.

Ramani hiyo isingechorwa kama makarani wa 1900 wangejaza fomu kwa uvivu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka afisa ustawi achunguze mazingira ya mtoto. Basi ninyi mliopo kazini, msiandike "Temeke" mkaishia hapo. Andikeni na mtaa.