Maktaba Inapobadilika: Utangamano na Upimaji katika Programu Huria

Anayesakinisha pandas ili achambue majedwali yake hupata pia NumPy, maktaba ya kukokotoa safu za namba katika lugha ya Python, hata kama hajawahi kuisikia. SciPy, Matplotlib, scikit-learn na maelfu ya miradi mingine imejengwa juu ya NumPy hiyohiyo. Miradi ya namna hii huitwa miradi tegemezi. Tatizo ni kwamba watunzaji wa maktaba hawawajui wengi wa wanaoitegemea, wala hawafungwi nao na mkataba wowote. Wakifuta jina moja leo, kesho programu inakwama katika ofisi ambayo hawataisikia kamwe.

Utangamano kati ya maktaba na miradi hiyo huvunjika kwa namna tatu, na toleo la NumPy 2.0 la tarehe 16 Juni 2024, badiliko kubwa la kwanza la maktaba hiyo tangu 2006, lilizionesha zote.

Ya kwanza ni majina. Jina np.float_ liliondolewa, na anayelitaka sasa huandika np.float64. Hilo ni kosa lenye adabu: programu inasimama papo hapo na kutaja mstari wenye shida.

Ya pili iko kwenye kiwango cha mashine. Maktaba nyingi za kisayansi zina sehemu zilizoandikwa kwa C na kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine kabla ya kusambazwa, zikitegemea jinsi NumPy inavyopanga data kwenye kumbukumbu. Sehemu iliyotafsiriwa kwa NumPy 1 haifanyi kazi ndani ya NumPy 2, hata kama hakuna herufi moja ya msimbo wake iliyohitaji kubadilishwa. Ni lazima itafsiriwe upya. Kwa bahati, watunzaji waliliwazia hilo mapema: kifurushi kilichotafsiriwa kwa NumPy 2.0 kinafanya kazi pia na matoleo ya 1 ya karibuni, hivyo mradi tegemezi haukulazimika kutoa vifurushi viwili.

Ya tatu ni tabia, nayo ndiyo ya kuogopwa. Chukua namba moja ya aina ya uint8, ambayo haiwezi kuzidi 255, yenye thamani ya 100, kisha ujumlishe 200. NumPy ya zamani ilijibu 300, kwa kuihamishia namba kimyakimya kwenye aina kubwa zaidi. NumPy 2 inajibu 44 na kutoa onyo, kwa sababu hesabu imefika ukomo na kuanza upya. Ajabu ni kwamba safu nzima ya uint8 ilikuwa ikitoa 44 tangu zamani, bila hata onyo. Kanuni mpya imeondoa mkanganyiko huo, na nadhani walifanya vyema. Lakini programu iliyoegemea jibu la 300 itaendelea kufanya kazi huku ikitoa matokeo mabaya. Jaribio linalouliza tu kama programu imeanguka halitaliona kosa hilo. Litaliona lile linalolinganisha jibu lililotoka na jibu lililotarajiwa.

Namba za toleo zilibuniwa ili kutoa tahadhari. Katika utaratibu uliosanifiwa na Tom Preston-Werner, namba ya kwanza hupanda utangamano unapovunjwa, ya pili kinapoongezwa kipengele kipya, ya tatu hitilafu inaporekebishwa. NumPy haiufuati kikamilifu: hutangaza kwanza kwamba kitu kitaondolewa, kisha hukiondoa baadaye, hata katika toleo dogo. Jina np.float, tofauti na np.float_ lililotajwa juu, lilitolewa onyo katika toleo la 1.20, Januari 2021, likaondolewa katika 1.24, Desemba 2022. Karibu miaka miwili ilipita, na bado miradi mingi ilikwama. Sababu moja ni kwamba Python kwa kawaida huficha maonyo ya aina hii yanapotokea ndani ya maktaba. Dawa yake ni rahisi: majaribio ya mradi yaendeshwe kwa amri inayogeuza kila onyo kuwa kosa.

Upimaji wenye maana hufanyika dhidi ya toleo ambalo bado halijatoka. NumPy husambaza vifurushi vya maendeleo mara kwa mara, na miradi mikubwa inayoitegemea huendesha majaribio yake juu ya vifurushi hivyo. Beta ya 2.0, yaani toleo la majaribio, ilitoka Machi 2024. Kufikia Aprili, SciPy 1.13 na pandas 2.2.2 zilikuwa tayari. Gharama ipo: majaribio haya huanguka mara nyingi kwa makosa ya wengine, ndiyo maana hayafai kuzuia kazi ya kila siku ya mradi.

Watu wa lugha ya Rust wamekwenda mbali zaidi. Chombo chao, Crater, hutafsiri na kupima vifurushi vya umma kwa wingi kabla ya badiliko kuingia. Hata hivyo, Rust 1.80 ya Julai 2024 ilikwamisha matoleo ya kifurushi cha time yaliyotangulia 0.3.35. Crater ilikuwa imeonesha athari hiyo. Uamuzi wa kuendelea ulikuwa wa watu.

Wapo wanaojikinga kwa kuandika numpy<2 katika orodha ya mahitaji. Kwa programu ya mwisho, inayoendeshwa na mwenyewe, ni busara. Kwa maktaba ni mtego: mradi mmoja ukikataa toleo la 2 na mwingine ukilidai, kisakinishi hakina la kufanya, na ukomo uliokwishatolewa ndani ya toleo fulani hauwezi kufutwa humo.

Upande wa chini, yaani wa matoleo ya zamani, pia unahitaji mipaka. Mwongozo wa SPEC 0 wa jamii ya Python ya kisayansi unapendekeza kuacha toleo la Python baada ya miaka 3, na matoleo ya maktaba za msingi baada ya miaka 2.

Kama una mradi mdogo, panga jaribio moja la kila wiki dhidi ya beta na vifurushi vya maendeleo. Likianguka, ripoti kabla ya toleo rasmi, wakati ambapo watunzaji bado wanaweza kurudi nyuma.