SOMO LA REDIO: BAISKELI, BODABODA NA BARABARA ZA MIJI YETU

Ndugu wanafunzi, hili ni somo letu la historia. Leo tutazungumza juu ya usafiri wa miji yetu ya Shinyanga na Geita. Pengine mtu atauliza: je, bodaboda nayo ni historia? Naam, ni historia, tena imeanzishwa na watu wa kawaida.

Tuanze na reli. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, baada ya kupita Shinyanga. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua pamba na mazao mengine. Gari la moshi likikushusha stesheni, safari iliyobaki ilikuwa ya miguu yako mwenyewe.

Hapo ndipo baiskeli ilipopata kazi. Nchi ya Shinyanga ni tambarare, kwa hiyo baiskeli huenda bila taabu nyingi. Watu waliitumia kubeba magunia, maji, hata mgonjwa. Baadaye wenye baiskeli wakaanza kubeba abiria kwa nauli.

Huko Dar es Salaam jambo kama hilo lilitokea kwa magari. Mabasi ya shirika la umma, UDA, hayakutosha watu. Wenye magari wakabeba abiria bila ruhusa, na mwaka 1983 serikali ikawaruhusu. Magari hayo yakaitwa daladala. Shinyanga jina hilo likapewa hata baiskeli za abiria.

Bodaboda nayo ilianza kwa baiskeli. Miaka ya 1960, huko Busia, watu walivushwa kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, na jina lenyewe latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Kwetu pikipiki za bei nafuu zilipokuwa nyingi, vijana wakazifanya kazi. Mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria.

Angalieni mfuatano huo. Kila mara watu walitangulia kwa sababu ya shida, na sheria ikafuata nyuma.

Sasa twende Geita. Mgodi mkubwa ulifunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Watu wengi walikuja kutafuta riziki. Katika machimbo madogo, kama ya Nyarugusu, pikipiki humbeba mchimbaji pamoja na viroba vya mawe yake. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa. Zamani magari yalingoja pantoni hapo. Sasa hupita moja kwa moja kati ya Mwanza na Geita.

Basi, mabishano ni haya. Wako wasemao bodaboda ziondolewe katikati ya miji, maana ajali ni nyingi. Wengine hujibu kwamba kijana akiondolewa, nyumbani kwake hakuna chakula, na mama mjamzito wa pembeni mwa mji hatapata wa kumfikisha hospitali. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Lakini historia yatuonya. Mwaka 2014 bodaboda zilikatazwa kuingia katikati ya Dar es Salaam, nazo zikarudi, kwa kuwa shida iliyozileta haikuondoka. Afadhali barabara mpya zitengewe njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, na pikipiki zipewe vituo vyao, kofia ngumu na mafunzo. Barabara hutengenezwa kwa fedha za wote, hata za asiye na gari.

Kazi ya nyumbani: simameni kando ya barabara kuu kwa saa moja. Hesabuni waendao kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa gari. Andikeni hesabu hiyo katika daftari, kisha ipelekeni kwenye mkutano wa mtaa. Hapo jadilianeni: barabara yetu imetengenezwa kwa ajili ya nani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.