Uvimbe, saratani na kasoro

Magazeti yetu huandika "uvimbe" kwa kila kitu, msomaji akabaki njia panda. Jipu ni uvimbe. Saratani ni habari nyingine. Kwa mfano, katika miaka ya 1920 watafiti wa Ujerumani na Marekani walipandisha aina mbili za samaki zenye asili ya Meksiko, plati na mkia-upanga. Baadhi ya plati wana madoa meusi yasiyowadhuru. Chotara walipopandishwa tena na mkia-upanga, madoa ya baadhi ya watoto wao yalitanuka yakawa saratani ya ngozi, nyeusi tii. Na simbilisi wa mtafiti Sewall Wright, waliozaliwa na vidole vinne mguu wa nyuma badala ya vitatu? Hiyo ni kasoro ya kuzaliwa, si uvimbe wala saratani. Wahariri, yatenganisheni.