Nyaya za umeme majumbani, Diani
Katika nyumba za Diani, Kaunti ya Kwale, umeme wa volti 240 huunganishwa na Kenya Power baada ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, kupima nyaya na kutia saini cheti. Kipimo kisichofaa kupuuzwa kamwe ni cha waya wa athi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja ili fyuzi ikatike kabla mtu hajadhurika. Hata hivyo, cheti hushuhudia hali ya siku moja tu: hakioni maungio yaliyozikwa ndani ya plasta wala soketi zitakazoongezwa baadaye, ilhali hewa ya chumvi huendelea kula shaba, na chini ya paa la makuti cheche ya kiungio kilicholegea hutosha kuteketeza nyumba nzima.