Dume Asiyeacha Mbegu

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Kwa kondoo methali hii inataka nyongeza, maana kuna kutokuwapo kunakoleta faida.

Mwaka 1944, huko Western Australia, E. J. Underwood na wenzake wawili walichapisha taarifa juu ya msimu wa kuzaana kwa kondoo. Humo walionyesha kwamba majike wasiokuwa katika majira yao ya joto huweza kuamshwa kwa kuingiziwa madume waliokuwa wametengwa nao. Mfugaji alikuwa amepata saa ya kuamshia kundi lake.

Lakini saa hiyo ina taratibu zake. Yai la kwanza hupevuka katika siku mbili tatu, ila jike huwa bado hamtaki dume. Joto lenyewe hufuata siku 17 hivi baadaye, na kwa wengine kama siku 24. Dume bora akiingizwa siku ya kwanza, hushinda majuma mawili akihangaika bure.

Basi kwa nini asitangulie mwingine wa kuamsha tu? Wafugaji wengine walitumia dume aliyekatwa mirija ya mbegu, lakini kazi hiyo yahitaji daktari wa mifugo. Maksai wapo tele katika mashamba ya sufu. Walichopungukiwa ni homoni ya kiume. Homoni hiyo, testosteroni, ilitengenezwa maabarani mwaka 1935 na Butenandt na Ruzicka, kila mmoja kwa njia yake. Miaka ya 1980 ilipoanza, watafiti wa Australia walikwisha kuonyesha kwamba maksai akichomwa sindano za homoni hii hurudiwa na tabia za kiume na huamsha majike. Siri kubwa ni harufu: mwaka 1980 Knight na Lynch wa New Zealand walionyesha kuwa sufu ya dume na nta yake vyatosha kuchochea mayai. Baadaye ikajulikana pia kwamba ugeni wa dume una nguvu kama ulivyo utengano.

Msomaji atauliza, faida ni nini? Katika nchi ile mvua hunyesha majira ya baridi, na kiangazi hukausha malisho. Mwanakondoo aliyechelewa kuzaliwa hukutwa na ukame angali mdogo. Wakizaliwa pamoja, mchungaji huwalinda pamoja, na wote huliwahi jani bichi.

Nami niliyetumia maisha katika chuo cha ualimu namtazama maksai huyu kwa heshima. Hana mtoto hata mmoja kundini, wala hatajwi katika ukoo wa yeyote. Madume bora waingiapo, yeye huondolewa. Dawa ikiisha mwilini, hutulia malishoni kama zamani. Hata hivyo, wana wengi wa majira yale wasingezaliwa kwa wakati kama yeye hakutangulia.