Majina ya Nyumba na Majani ya Ukumbini

Msomaji wangu, ukitoka hapa Itumbe ukafika mjini Kisii, utaiona Shule ya Kisii, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Shule ya Serikali ya Waafrika. Neno hilo la mwisho halikuwekwa kwa fahari. Katika Kenya ya ukoloni watoto waligawanywa kwa rangi: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waarabu mbali, Waafrika mbali. Mwaka 1942 masomo yalifanywa kuwa ya lazima kwa watoto wa Kizungu; kwa mtoto wa Mgusii hayakuwa ya lazima, wala hayakuwa rahisi kuyapata.

Hayo umekwisha kuyasoma darasani, nami sitayarefusha. Nataka utazame jambo dogo zaidi, yaani desturi za shule, kwa sababu sheria hufutwa kwa siku moja, na desturi hukaa.

Chukua majina ya nyumba. Shule za bweni za Kiingereza huwagawa wanafunzi katika nyumba, na kila nyumba ina jina lake. Shule ya Prince of Wales, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931 kwa wavulana wa Kizungu, ilikuwa na nyumba za Clive na Rhodes. Shule ya Alliance kule Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa Waafrika, ilikuwa na nyumba za Livingstone na Wilberforce. Clive aliiteka Bengali; Rhodes alinyakua nchi za Wandebele na Washona. Livingstone alikuwa mmisionari, na Wilberforce alipigania bungeni kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Basi kijana wa Kizungu alilala chini ya jina la mtu aliyetwaa nchi, na kijana wa Kiafrika chini ya jina la mtu aliyemhurumia. Mmoja alifundishwa kutawala, mwingine kushukuru, na hapakuhitajiwa mwalimu wa kulieleza somo hilo. Lakini tuwe waadilifu: Alliance ilikuwa pia na nyumba ya Aggrey, Mwafrika msomi kutoka nchi iitwayo leo Ghana, aliyezuru Kenya mwaka 1924.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963, na mwaka uliofuata Tume ya Ominde ikapendekeza shule za rangi ziondolewe. Prince of Wales ikawa Nairobi School, Duke of York ikawa Lenana, na Duke of Gloucester, iliyokuwa ya Wahindi, ikawa Jamhuri. Hata hivyo ada za shule zilizokuwa za Wazungu zilibaki juu. Rangi iliondoka langoni, fedha ikasimama mahali pake.

Je, desturi? Mwanafunzi mgeni, tumwitaye mono, angali akiwafulia wakubwa nguo na kula wa mwisho katika shule nyingi, ingawa sheria ya elimu ya mwaka 2013 imekataza mateso ya namna hiyo. Usije ukasema kwamba desturi hii ilizaliwa na ubaguzi wa rangi. Huko Uingereza Wazungu waliwatumikisha Wazungu wenzao. Lakini ilipofika huku ilikuta nchi ambayo tayari ilikuwa na bwana na boi, ikajifunza sura hiyo upesi.

Nilipoingia kidato cha kwanza, katika shule nisiyoitaja, palikuwa na uwanja mdogo wa majani mbele ya ukumbi. Viranja waliupita katikati; sisi mono tuliuzunguka. Siku moja nilimwuliza mzee mtunza bustani, aliyeajiriwa pale mwaka 1962, sababu yake. Akaniambia kwamba zamani majani yale yalikuwa ya walimu wa Kizungu peke yao, na hakuna mwanafunzi wala mfanyakazi aliyethubutu kuyakanyaga. Wazungu walipoondoka, wiki mbili tatu hakupita mtu yeyote. Kisha viranja wakaanza.

Nikamwuliza yeye mwenyewe hupita wapi. Akasema huyakanyaga alfajiri tu, wakati wa kuyakata, kabla watu hawajaamka.

Nilipofika kidato cha nne nilifanywa kiranja. Jioni ya siku ile ile nilipita katikati ya majani yale, na mono waliokuwa wakizunguka na ndoo zao za maji wakasimama kuniangalia.